Una Bidhaa Mpya na Unataka Mkopo? Jipange Hivi Kabla ya Kwenda Benki

Umebuni kitu. Labda ni mashine ya kubangulia korosho inayotoa punje nzima, labda ni sabuni ya mwani, labda ni njia mpya ya kufungasha unga usiingie wadudu. Wateja wa kwanza wamekikubali. Sasa unataka benki ikusaidie kukipanua.

Shika jambo moja kwanza: benki haikopeshi wazo, hata liwe zuri namna gani. Inakopesha fedha ambazo inaziona zikirudi. Kazi yako yote kabla ya kwenda ni kuonyesha jinsi kitu chako kinavyoleta fedha hizo, mbele ya mtu ambaye hajawahi kuona kitu kama hicho.

Wala usijidharau. Mwaka 2011 watafiti Ayyagari, Demirgüç-Kunt na Maksimovic walichapisha utafiti wa kampuni zaidi ya 19,000 katika nchi 47 zinazoendelea. Waliona kwamba kampuni zinazopata fedha kutoka nje ya mfuko wa mwenyewe hubuni zaidi. Na hawakuhesabu mambo ya maabara tu. Bidhaa mpya, teknolojia mpya, njia mpya ya kuzalisha, vyote viliingia. Kama umebadilisha namna unavyokausha dagaa na mzigo hauharibiki tena, wewe ni mbunifu. Kaa mbele ya afisa mikopo ukijua hivyo.

Shida ni kwamba upya uleule unaowavutia wateja ndio unaoitia benki hofu. Bidhaa haina historia ya mauzo. Hakuna jirani wa kulinganisha naye. Mashine uliyoichomelea mwenyewe haina mnunuzi kwenye mnada. Hofu hizi zipo kila nchi. Kinachotofautiana ni sheria ya dhamana, nani yuko tayari kubeba hasara pamoja na benki, na kumbukumbu gani zinahesabiwa. Hayo tutayafikia. Kwanza yale yaliyo mikononi mwako.

USIUE BIDHAA YA ZAMANI

Mkopo wa bidhaa mpya hulipwa na bidhaa ya zamani, angalau mwanzoni. Kitu kipya mara nyingi huchelewa kuuza kuliko mwenye nacho anavyotarajia, na afisa mikopo ameliona hilo kwa wateja wengi. Ukimwambia umeacha kuuza sabuni ya kawaida ili ushughulike na ya mwani pekee, umemwondolea sababu ya kukuamini.

Nenda na mauzo ya bidhaa ya zamani ya miezi 12. Onyesha kwamba hata ile mpya ikisuasua, ya zamani inabeba sehemu kubwa ya rejesho. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa kumi za kusifu ubunifu.

Huna biashara ya zamani kabisa? Basi usianze na mkopo wa kawaida wa benki. Tanzania kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kuna mfuko wa NEDF ulio chini ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na programu ya iMbeju ya CRDB Bank Foundation. Kenya kuna Hustler Fund, iliyoanza mwaka 2022. Kiasi chake ni kidogo, lakini ukilipa vizuri unaanza kujenga rekodi.

TANGULIZA KINACHOPUNGUZA HASARA

Ubunifu ni wa aina mbili unapokuwa mezani kwa benki. Kuna bidhaa mpya, ambayo lazima utafute mnunuzi. Na kuna njia mpya ya kufanya kazi ileile, ambayo mnunuzi wake yupo tayari. Ya pili inakopesheka kirahisi zaidi. Ukiwa nazo zote mbili, tanguliza hiyo. Bidhaa mpya kabisa itafuata kwenye mkopo wa pili, ikiwa na mauzo yake.

Sasa piga hesabu. Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa, kwa hiyo twende taratibu.

Tuseme unakausha dagaa Mwanza. Umejenga kaushio la sola lenye chanja ndani, linabeba gunia 40 kwa mwezi. Gunia nyingine 40 bado unazianika mchangani. Unataka Sh milioni 12 ujenge kaushio la pili.

Usiandike "teknolojia ya kisasa rafiki kwa mazingira". Andika hivi: mwezi wa mvua, kati ya gunia 40 za mchangani, 12 ziliharibika. Kati ya 40 za kwenye kaushio, ziliharibika tatu. Dagaa ni walewale, ziwa ni lilelile, mwezi ni uleule. Gunia tisa zilizookolewa, kwa bei ya mfano ya Sh 100,000, ni Sh 900,000 kwa mwezi.

Umeona nguvu ya kuweka njia ya zamani na mpya bega kwa bega? Ndiyo maana usihamishe kazi yote kwenye njia mpya siku moja. Endesha zote mbili kwa miezi michache, andika kwenye daftari kila siku, na daftari hilo libebe tarehe. Afisa mikopo akilifungua akakuta wino wa siku tofauti, na karatasi yenye harufu ya dagaa, ataelewa kwamba namba hizi hazikutungwa jana usiku.

Sasa weka rejesho pembeni. Milioni 12 kwa miezi 24, kwa riba ya mfano ya asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, ni karibu Sh 599,000 kwa mwezi. Ukiangalia haraka utasema laki tisa zinatosha. Angalia tena. Gunia tisa zinaokolewa miezi ya mvua tu. Kiangazi, faida ya kaushio inatoka kwingine: dagaa wasio na mchanga huuzwa kwa ajili ya kuliwa na watu badala ya kwenda kwenye chakula cha kuku, na bei inapanda. Hiyo ni hesabu ya peke yake. Gunia ngapi? Nyongeza ya bei ni kiasi gani? Nani ananunua? Iandike kwa kila mwezi, kisha toa gharama za kaushio lenyewe: nailoni ya kubadilisha, mlinzi, usafiri.

Kipimo changu ni hiki: kwa kila Sh 100 ya rejesho, fedha inayobaki baada ya gharama iwe angalau Sh 130. Kwa mfano wetu ni kama Sh 779,000 kwa mwezi. Ukipungukiwa, punguza mkopo au ongeza muda. Usipunguze gharama kwenye karatasi.

Miezi mingine ikiwa dhaifu, omba marejesho ya msimu: makubwa miezi ya mauzo, madogo miezi mingine. Omba pia kipindi cha neema wakati wa ujenzi, kwa sababu kaushio ambalo halijasimama haliwezi kulipa. Watu wengi hawaombi, wakidhani masharti ya benki ni msahafu. Omba.

Na uliza swali hili bila aibu: riba hii ni ya salio linalopungua, au inapigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho? Asilimia 18 ileile ikipigwa kwenye mkopo wote, rejesho linapanda kutoka 599,000 hadi 680,000. Kwa miezi 24 ni tofauti ya karibu Sh milioni 1.94. Hiyo ni fedha yako.

GAWANYA OMBI LAKO

Kosa kubwa ni kuomba mkopo mmoja wa kila kitu. Kila sehemu ya ubunifu ina fedha inayoifaa.

Majaribio yasilipwe na benki. Fedha ya kujaribu mara tatu ukakosea mara mbili itoke kwenye akiba, kwa mshirika mwenye mtaji, au kwenye ruzuku. Tanzania fuatilia matangazo ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukikopa kwa ajili ya majaribio, rejesho litafika kabla ya jibu.

Mashine inunue kwa karadha ukiweza. Taasisi inainunua, wewe unaitumia na kuilipia kidogo kidogo, na mashine yenyewe ndiyo usalama wa mkopeshaji. Tanzania ina sheria ya karadha tangu mwaka 2008, na EFTA na PASS Leasing zinafanya kazi hiyo. Karadha inaenda vizuri zaidi kwa mashine ya kununua, yenye muuzaji anayejulikana na vipuri. Mashine ya kubuni mwenyewe ni ngumu zaidi kukubaliwa. Basi gawanya: mota, jiko na vipimo vya kununua viende kwenye karadha, bodi uliyochomelea ulipie mwenyewe.

Oda kubwa ina mkopo wake. Ukiwa na oda ya maandishi (LPO) ya supamaketi, hoteli au shule, benki nyingi zinaweza kukukopesha kwa kuegemea oda hiyo au ankara yako. Hapa jina la mnunuzi lina uzito kuliko jina lako. Kabla ya kusaini oda, iulize benki ni wanunuzi gani inawakubali, na mnunuzi akichelewa kulipa, riba inabebwa na nani.

Malighafi ziwe kwenye overdrafti au mkopo wa muda mfupi. Na usinunue mashine itakayojilipa kwa miaka minne kwa mkopo wa miezi 12. Biashara nzuri kabisa zimefungwa kwa kosa hilo moja.

TENGENEZA USHAHIDI MAPEMA

Pitisha mauzo yote kwenye akaunti, Lipa Namba au Till ya biashara. Yote. Fedha inayoingia mfukoni na kutoka mfukoni haipo machoni mwa benki. Huduma ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, mteja wa simu alianza kupata mkopo mdogo kwa rekodi yake ya simu, bila hati ya nyumba. Tangu hapo kumbukumbu za malipo ya simu zimezidi kuwa na thamani. Zako zisiwe na mapengo.

Hakikisha mauzo unayoyasema benki yanafanana na yaliyo kwenye mashine ya risiti ya EFD, au mfumo wa eTIMS kwa Kenya. Benki ikiona milioni 60 kwenye maombi na milioni 20 kwa mamlaka ya kodi, mazungumzo yamekwisha.

Pata alama ya ubora. Kwa chakula, vipodozi na vifaa, cheti cha shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, humwambia afisa mikopo kwamba mtu mwenye ujuzi amekipima kitu ambacho yeye hawezi kukipima. Kwa bidhaa mpya hilo ni kubwa mno. Mjasiriamali mdogo wa Tanzania anaanzia SIDO, anapata barua ya utambulisho, kisha anaingia TBS. Anza mapema, usisubiri wiki ya maombi.

Tafuta barua tatu za wanunuzi. "Tutanunua" peke yake haisaidii. Barua iseme kiasi, bei, na kwamba wameshanunua. Mteja aliyerudi mara ya pili ni shahidi bora kuliko kumi walioahidi.

Kabla benki haijakuangalia, jiangalie. Omba ripoti yako ya taarifa za mikopo. Tanzania zinatolewa na Creditinfo na Dun & Bradstreet; Kenya kuna TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kijimkopo cha simu ulichokisahau kinaweza kukusimamisha. Kenya, tangu mwaka 2020, deni lisilofika KSh 1,000 haliorodheshwi kwenye taasisi hizo (CRB), lakini la juu yake linaorodheshwa. Lipa, omba uthibitisho, kisha ndipo uende.

JUA SHERIA YA DHAMANA YA NCHI YAKO

Hapa mipaka ina maana. Mbunifu wa Nairobi na wa Mwanza wanaweza kuwa na mashine ileile na kupata majibu tofauti.

Kenya ina sheria ya dhamana za mali zinazohamishika tangu 2017. Inaruhusu kuweka dhamana mashine, mazao, mifugo, madeni unayowadai wateja, hata haki za ubunifu, na dhamana hiyo inaandikishwa kwenye daftari la kielektroniki. Uganda ilifuata na sheria ya namna hiyo mwaka 2019, chini ya URSB, ofisi yake ya usajili. Ukiwa kwenye nchi hizi, usikubali kuondoka benki kwa sababu tu huna hati ya ardhi. Orodhesha mali zako zote zinazohamishika, na madeni unayowadai wateja, uziweke mezani.

Tanzania, nyumba na ardhi bado vina nguvu kubwa mezani. Kama dhamana ni nyumba ya familia, sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wako. Zungumza naye kabla, sio asubuhi ya kusaini. Tena mweleze kwa ukweli kwamba bidhaa mpya inaweza kukwama. Nyumba si kitu cha kuwekwa rehani kwa siri.

Huna dhamana ya kutosha? Uliza kuhusu mdhamini. Tanzania, PASS Trust hudhamini wanaofanya kilimo na biashara zake, na benki ya maendeleo ya kilimo, TADB, ina mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo unaofanya kazi kupitia benki nyingine. Kenya ilianzisha mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo mwaka 2020. Rwanda kuna mfuko wa BDF. Mdhamini anabeba sehemu ya hasara ya benki. Deni bado ni lako. Afisa mikopo anaweza asikutajie, basi mtajie wewe.

Korea Kusini imekwenda mbali zaidi. Tangu 1989 ina taasisi inayoitwa KOTEC. Inapima teknolojia yenyewe, kisha inaidhamini kampuni kwa benki. Kwa maoni yangu hicho ndicho kinachokosekana zaidi kwetu: mtu wa kuipimia benki kitu kipya. Mpaka atakapopatikana, beba kipimo chako mwenyewe. Barua ya mhandisi wa SIDO, ya KIRDI kwa Kenya, au ya mwalimu wa chuo cha ufundi aliyeijaribu mashine yako, yenye namba za uzalishaji, huziba sehemu ya pengo hilo.

Kuhusu haki: sajili jina na alama ya biashara kwanza. Ni rahisi kuliko hataza na kwa wengi ina faida zaidi. Tanzania Bara ni BRELA. Zanzibar ni BPRA, na usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili. Kama mashine yako ni mpya kweli na unataka hataza, wasilisha ombi kabla ya kuionyesha kwenye maonyesho ya Sabasaba au Nanenane. Kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kupoteza sifa ya upya. Na benki usiwape michoro ya kiufundi. Wape matokeo.

SIKU YA KUKAA NA AFISA MIKOPO

Nenda na bidhaa, iguswe. Nenda na kurasa tatu, zisizidi: unachouza, fedha zinavyoingia na kutoka mwezi kwa mwezi, na kitakachotokea mambo yakienda vibaya. Ukurasa wa tatu ndio utakaokutofautisha. Andika waziwazi: mauzo ya bidhaa mpya yakiwa nusu ya makadirio, nitalipa kwa hiki na hiki.

Kumbuka aliye mbele yako haamui peke yake. Atakutetea kwenye kamati ya mikopo wewe ukiwa haupo. Mpe maneno mafupi anayoweza kuyarudia. "Anapoteza gunia tatu badala ya 12" inasikika kamatini. "Ni mbunifu sana" haisikiki.

Mwalike aje kuona kazi. Achague siku mwenyewe.

Na omba kidogo kwanza. Mkopo wa milioni tatu uliolipwa bila kuchelewa unafungua mlango wa milioni 12 zaidi kuliko maelezo yoyote.

WAKIKUKATALIA

Uliza sababu, ikiwezekana kwa maandishi. Zipo tatu za kawaida. Ikiwa ni dhamana, nenda kwa mdhamini au karadha. Ikiwa ni kumbukumbu, rudi baada ya miezi sita ukiwa nazo. Ikiwa ni kwamba hawaielewi biashara yako, nenda benki nyingine, hasa ile ambayo tayari inakopesha sekta yako.

Usikimbilie mkopo wa mtaani wa riba ya mwezi kwa sababu umekasirika. Ubunifu mwingi mzuri umekufa hivyo, na mwenye nao akabaki na deni.

Leo fanya mambo mawili tu. Omba taarifa ya akaunti yako ya miezi 12, na fungua daftari la kulinganisha njia ya zamani na mpya. Gharama yake ni ndogo, na bila hivyo viwili hakuna afisa mikopo atakayeweza kukusaidia, hata akitaka.